Homa ya ini C: anayejidunga anatibika

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi kwenye makundi ya WhatsApp: eti anayejidunga dawa za kulevya hatibiwi homa ya ini aina C mpaka aache kabisa, na hata akitibiwa haponi. Si kweli. Vidonge vya sasa humezwa kwa wiki 8 hadi 12 na huponya zaidi ya watu 9 kati ya 10, wakiwemo wanaotumia methadoni (dawa ya kusaidia kuacha heroini) na wanaoendelea kujidunga.

Mkanganyiko una chanzo chake. Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni, hadi wiki 48, zilizoleta homa na sonona, na wanaojidunga mara nyingi walinyimwa. Tena kipimo cha haraka cha tone la damu la kidoleni hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, nazo hubaki mwilini hata baada ya kupona. Mtu akisoma “chanya” hudhani dawa imeshindwa. Kinachothibitisha ni kipimo cha kirusi chenyewe, wiki 12 baada ya kumaliza vidonge. Ulizia hicho kliniki.

Kuambukizwa upya kunawezekana, kwa kuchangia bomba la sindano, kijiko au pamba ya kuchujia dawa. Hata hapo mtu hutibiwa tena. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo: kuna anayeusoma akaahirisha kwenda kupima huku ini lake likizidi kuharibika.