Mali Bila Daftari: Ofisi Inayolishikilia Jumba la Sanaa la Umma

Kaunti ikitangaza kwamba itajenga jumba la sanaa, watu huuliza litajengwa wapi, ukumbi wake utakuwa mkubwa kiasi gani na picha za nani zitatundikwa. Ni maswali mazuri. Yale nisiyoyasikia mara nyingi ni haya: nani atalipia bima, nani atashika rejista, na pesa za kiingilio zitaingia akaunti gani? Hiyo ndiyo kazi ya idara ninayoiongoza, inayoitwa huduma za taasisi. Ndani yake mna fedha, ununuzi, wafanyakazi, jengo, usalama, nyaraka na kompyuta. Mgeni aliyekuja kutazama picha hatuoni, wala hana haja ya kutuona. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti jukumu la maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kwa hiyo mkazi wa Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru ndiye mwenye mali, na mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inavyotunzwa.

Nianze na safari ya picha moja. Tuseme mchoraji wa Manyatta amekubali kutuazima picha ya rangi ya mafuta kwa maonyesho ya miezi mitatu. Kabla picha haijatoka kwake, afisa wetu huenda na kamera na fomu. Anaandika kila ufa wa rangi, kila doa, kila kona ya fremu iliyochubuka, kisha yeye na msanii wanatia sahihi. Hiyo ndiyo ripoti ya hali ya kazi. Wengi huiona kama urasimu mpaka siku picha inaporudishwa na mkwaruzo, kila mtu akiapa kwamba haukuwepo.

Baada ya hapo kuna mkataba wa kuazima. Lazima useme picha inatoka lini na inarudi lini, nani anaisafirisha, nani analipia safari ya kurudi, kama wageni wanaruhusiwa kuipiga picha, na thamani yake ni shilingi ngapi. Thamani hukubaliwa mapema, wakati wote wawili wametulia, kwa sababu kazi ikishapotea hakuna atakayekubaliana na mwenzake. Bima inayofaa huanza picha inapotolewa kwenye msumari wa mwenyewe na kuisha inapotundikwa tena kwenye msumari huo. Bima inayolinda kazi ikiwa ukumbini peke yake huiacha uchi barabarani, na barabarani ndiko kuna hatari kubwa.

Ikifika, hupewa namba na kuandikwa. Kazi zilizoazimwa hazichanganywi na zile ambazo ni mali ya jumba. Zilizo mali ya jumba hupata namba ya kudumu, kwa kawaida mwaka zilipopokelewa na nafasi yake katika mwaka huo, kwa mfano 2024.17. Namba hiyo haiandikwi kwa kalamu ya wino mgongoni mwa turubai, maana wino hupenya na kujitokeza mbele. Huandikwa kwa penseli nyuma ya fremu, au kwenye lebo inayofungwa kwa uzi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nasema sanaa ndiyo mali inayopotea hivyo kwa urahisi kuliko zote. Gari la umma lina namba ya usajili na kila mtu analijua. Sanamu ndogo ya mawe laini ya Tabaka isiyokuwa na namba inaweza kuhamia meza ya mkubwa fulani, kisha nyumbani kwake, na mkaguzi asiwe na karatasi hata moja ya kuuliza iko wapi.

Kununua ni kugumu kuliko kuazima. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wenye ushindani na unaolinda pesa ya umma, nayo Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 imeweka taratibu zake. Kwa viti na karatasi taratibu hizo hazina shida: unatafuta nukuu za bei, unalinganisha, unachagua. Lakini picha hii ambayo mama huyu amechora kuhusu wavuvi wa Dunga iko moja duniani. Nukuu ya pili utaipata kwa nani?

Hapa ndipo nimeona taasisi zikikosea kwa njia mbili zinazopingana. Moja hulazimisha ushindani wa uongo, wasanii watatu wakiambiwa walete bei ya “mchoro wa ukubwa huu” kana kwamba ni vigae. Nyingine huona utaratibu unachosha, ikamwachia mtu mmoja anunue anachokipenda kwa bei anayoijua mwenyewe. Yote mawili ni makosa, na la pili ndilo baya zaidi. Sheria yenyewe inaruhusu, katika kifungu cha 103, kununua moja kwa moja pale ambapo kitu kinapatikana kwa muuzaji mmoja tu. Ruhusa hiyo haiondoi wajibu wa kueleza sababu kwa maandishi. Jumba makini huwa na kamati ya ununuzi wa kazi za sanaa, yenye watu wanaojua sanaa na wasio wafanyakazi wa jumba, inayoandika kwa nini kazi hii na si ile, bei imefikiwaje, na nani katika kikao ana undugu au biashara na msanii. Mwenye undugu hutoka chumbani. Muhtasari wa kikao hicho una thamani kama picha yenyewe, kwa sababu ndio utakaowaeleza watoto wetu kwa nini pesa ya kaunti ilitumika hapo.

Na jambo ambalo wasanii wengi hawaambiwi: ukituuzia picha, hujatuuzia hakimiliki mpaka uandike hivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya msanii hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Jumba likitaka kuichapisha picha yako kwenye kalenda au fulana za kuuza, ni lazima lije kwako au kwa warithi wako. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, na ukiona mstari unaotoa haki zote milele, uliza bei yake ni ipi.

Sasa malipo. Nimewaona wasanii wazuri wakiapa kutofanya kazi tena na taasisi za umma kwa sababu ya kuchelewa kulipwa, na siwalaumu. Baadhi ya uchelewaji ni uzembe wetu sisi wa ofisini, hasa pale faili inapokaa mezani ikisubiri sahihi moja. Baadhi unatokana na hazina kuchelewa kutoa pesa. Lakini sehemu kubwa unaweza kuzuiwa kwa kupanga kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na idhini ya matumizi ambayo haijatumika hukoma siku hiyo. Ankara inayoletwa wiki ya mwisho ya Juni huingia katika madeni ya mwaka uliopita, na msanii hujikuta kwenye foleni moja na wakandarasi wa barabara. Ndiyo maana mimi napinga maonyesho makubwa ya Mei na Juni. Fungueni kati ya Septemba na Machi, kazi ikamilike na karatasi zipite huku bajeti bado iko hai.

Kwa upande wake msanii ajiandae: awe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, atoe ankara kupitia eTIMS, mfumo wa mamlaka hiyo wa ankara za kielektroniki, na ajue kwamba akilipwa ada ya utaalamu, kama vile kuendesha warsha, mlipaji anatakiwa kukata kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla ya malipo kumfikia, ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Pesa hiyo haijaibwa. Imewekwa kwa jina lake, na cheti chake hupatikana kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, wakati wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Aliye kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu ajisajili pia katika mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi hayo. Fremu, usafirishaji, uchapishaji wa mabango na chakula cha ufunguzi hupatikana humo.

Kuhusu kiingilio, wengi hudhani kwamba shilingi mia wanazotoa mlangoni hubaki jumbani kununulia rangi na taa. Kwa jumba la kaunti, mambo hayaendi hivyo. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale ambapo sheria ya Bunge imeyatenga. Jumba lijaze watu kila Jumapili, bado litasubiri bajeti kama ofisi nyingine yoyote. Hospitali za umma zilikuwa na shida hii hii, mpaka sheria ya mwaka 2023 ikaziruhusu kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia papo hapo. Majumba ya sanaa nayo yanastahili mjadala wa namna hiyo. Na hata bila sheria mpya ya kitaifa, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya kamati kuu na bunge la kaunti. Mfuko mdogo wa kutunza sanaa, wenye msimamizi anayejulikana na hesabu zinazokaguliwa, ungefanya kazi kubwa kuliko ukumbi wa pili.

Jengo lenyewe lina mahitaji yake huku kwetu. Hewa ya kando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, ukungu huota kwenye karatasi na turubai. Dumuzi hutoboa sanamu za mbao, mchwa hupanda ukutani. Wajenzi wetu hukimbilia viyoyozi. Kiyoyozi kinachozimwa jioni au kukatika umeme mara kwa mara huupandisha na kuushusha unyevu, na kupanda-kushuka huko ndiko hupasua rangi na mbao kuliko unyevu uliotulia. Ningependelea kuta nene, paa lenye upenu mpana, madirisha yenye mpangilio mzuri wa hewa, picha zisizogusa ukuta wa nje, na kipima unyevu cha bei nafuu ambacho mtu fulani, mwenye jina, anakisoma na kukiandika kila asubuhi. Kazi za karatasi na nguo zisiwekewe mwanga unaozidi laksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi. Mwanga ukishaifubaza rangi, hakuna dawa.

Watu walio karibu zaidi na picha kila siku ni walinzi na wasafishaji. Mara nyingi huletwa na kampuni iliyoshinda zabuni ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha wanakuja wengine. Msafishaji ambaye hajafundishwa atapangusa vumbi kwenye picha kwa kitambaa chenye maji, kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo mafunzo yaandikwe ndani ya zabuni, kama sharti lenye bei yake. Mlinzi naye afundishwe nini cha kutoa kwanza moto ukiwaka, na funguo ziko wapi.

Moto naujali kwa namna ya pekee. Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, kiliungua mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Makumbusho ya Taifa ya Brazil huko Rio de Janeiro yaliteketea Septemba 2018, na wachunguzi walisema moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Mabomba ya maji ya zimamoto yaliyokuwa karibu yalikuwa makavu. Jumba la umma likague nyaya zake, lijaribu mabomba yake, na liweke nakala ya rejista pamoja na picha za kila kazi nje ya jengo. Kazi ikiungua, nakala hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba iliwahi kuwepo, na ndiyo itakayotumika kudai bima.

Mchongaji Gregory Maloba alizaliwa Mumias, na sanamu yake ya Uhuru imesimama Kampala tangu 1962. Magharibi mwa Kenya haijawahi kukosa mikono. Kilicho adimu ni meza inayojua kazi za watu hawa ziko wapi na kwa masharti gani.

Mwananchi anaweza kuisaidia meza hiyo. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na vikao vya maoni ya umma huitishwa. Ukihudhuria, usiombe jengo tu. Uliza kifungu cha bima kina shilingi ngapi, matengenezo ngapi, na mshika rejista ameajiriwa kwa masharti ya kudumu au ni wa mkataba wa miezi michache. Ukitaka kuona orodha ya kazi zinazomilikiwa na umma, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taasisi ina siku 21 za kukujibu. Barua iwe na tarehe, nakala yake ubaki nayo, na siku 21 zikipita bila jibu, peleka malalamiko yako kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman.