Bomba linalopita shambani kwako halijafa: soma hii kabla hujashika jembe au kuita kijiko cha kuchimbia

Kuanzia mwezi wa tisa hivi, mashamba yanapoanza kusafishwa huku Nyanda za Juu Kusini, simu zinazoingia ofisini kwetu zinabadilika. Miezi mingine mtu anauliza bei ya mafuta, kipindi hiki wanauliza bomba la mafuta la TAZAMA. Nimeotesha mipaini kwenye mkuza, yaani ile njia ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya bomba, naambiwa nikate, ni haki kweli? Kijiji kinapitisha maji, tunaruhusiwa kukatiza? Bondeni kuna harufu ya mafuta, nimpigie nani? Maswali yanajirudia kila msimu, na majibu ya uongo nayo yanajirudia vijiweni, kwa hiyo nimeona nikae niandike yote sehemu moja.

Kwanza tuweke sawa, wengi Mbeya na Iringa wanaliita bomba la gesi. Siyo la gesi. Mabomba makubwa ya gesi asilia ya nchi hii yako ukanda wa pwani, lile la Songo Songo lililoanza kuleta gesi Dar mwaka 2004 na lile la kutoka Madimba, Mtwara mpaka Dar, kilomita 542, lililozinduliwa 2015. Linalopita huku kwetu ni la mafuta, TAZAMA (Tanzania Zambia Mafuta), limejengwa 1968, kilomita 1,710 kutoka Kigamboni mpaka Ndola kule Zambia, linapanda Morogoro, linaingia Iringa, linakuja Mbeya ndio livuke mpaka. Ila kwa habari ya usalama msije mkasema basi ya gesi hayatuhusu, kanuni zinafanana karibu zote: raia asichimbe, asijenge, asichome moto, asioteshe miti ya mizizi mirefu, na mwenye bomba naye akague, apime na atunze kumbukumbu.

Jambo la pili ndilo linaloniumiza kichwa. Watu walisikia kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi cha Indeni kule Ndola kimesimama wakahitimisha kwamba bomba nalo limekufa. Hapana jamani. Tangu 2023 bomba linapitisha dizeli, dizeli kabisa, ileile unayojaza kwenye fuso. Na hapo hatari imeongezeka badala ya kupungua, maana mafuta ghafi hakuna mtu angeyatia kwenye tangi la gari lake, aliyetoboa angeambulia tope jeusi lisilo na mteja. Dizeli ina mteja kila kijiji. Kwa hiyo anayesema "lile chuma la zamani halina kitu" anawadanganya vijana wake, na watakaoungua ni wao.

Tena hata siku pampu zimezimwa bado lina presha, hasa huku kwetu kwenye milima. Anayeujua mlima Kitonga kule Iringa ataelewa. Bomba likiwa limejaa dizeli kutoka kilele mpaka bondeni, uzito wa mafuta yaliyo juu unakaa wote kwenye chuma kilicho chini. Tairi la gari dogo fundi anajaza upepo wa 30 hivi, sasa mteremko wa mita 300 tu uliojaa dizeli unasukuma karibu 350 kwa kipimo kilekile cha fundi wa tairi. Hiyo ni pampu zimezima. Kwa hiyo ukiona kimya, husikii mlio wowote, usijipe moyo.

Sasa kuchimba. Ukiniuliza nini kinaharibu mabomba ya chini ya ardhi nitakutajia kutu na kuchimba, na kati ya hivyo viwili kuchimba ndiko kunakoua ghafla. Wengi wanadhani hatari ni kulipasua palepale. Kinachotutisha sisi ni mkwaruzo. Jino la kijiko likigusa chuma linakwangua ile ngozi ya kuzuia kutu na kuacha mchirizi, pale chuma kimekuwa chembamba na kigumu kama waya uliokunjwa mara nyingi, halafu presha inapanda na kushuka kila siku, ufa mdogo unaanza kutembea. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miaka. Kule Ghislenghien, Ubelgiji, mashine za ujenzi zilikwaruza bomba la gesi asilia, kazi ikaendelea kama kawaida, na tarehe 30 Julai 2004 bomba likapasuka. Walikufa watu 24, na baadhi yao ni zimamoto waliokuwa wameitikia taarifa kwamba kuna gesi inavuja.

Mimi mwenyewe nimeshawahi kumkuta dereva wa kijiko kwenye mradi wa maji, wilaya moja huku juu, ameshafukia. Namuuliza umegusa kitu, anasema "nimegusa kidogo tu bosi, halijatoboka". Alikuwa na roho nzuri yule kijana, wala hakuwa mwizi, alikuwa anaogopa kukatwa hela na mkandarasi wake. Tulifukua, tukakuta mchirizi mrefu kuliko kiganja. Nawaomba sana madereva wa vijiko na magreda: ukigusa, sema. Usifukie. Zima mashine, ondoa watu, piga simu. Anayetoa taarifa palepale anatusaidia kuokoa kijiji kizima, anayefukia anaacha bomu kwa wajukuu wa watu, na tukija kumpata baadaye maelezo yake yanakuwa magumu sana kuaminika.

Na hii ya kusema "mbona bomba liko chini sana, jembe langu halifiki" naomba ife leo. Lilifukiwa 1968. Tangu hapo mvua za huku zimebeba udongo zaidi ya miaka 50, hasa kwenye miteremko na kwenye korongo, na pale watu wanapochimba udongo wa matofali ndio kabisa. Kuna sehemu kina kilichoandikwa kwenye mchoro wa zamani hakipo tena ardhini. Malori ya mbao nayo yanakatiza popote yanapotaka na mzigo wake wote, wakati vivuko vilivyoimarishwa vipo. Ukiona bomba limeanza kuchungulia baada ya mvua usilifukie mwenyewe kwa huruma, toa taarifa, kuna namna ya kulirudishia udongo bila kuligusa na mawe.

Utaratibu wa kukatiza mkuza nauandika taratibu maana kila mtu anaruka hatua. Iwe ni bomba la maji, mfereji wa umwagiliaji, mkongo wa mawasiliano, nguzo ya umeme au barabara ya kijiji, unaanza na barua ya maombi kwa mwenye bomba, barua imepitia serikali ya kijiji au mtaa na ina muhuri, siyo ujumbe wa WhatsApp kwa mlinzi wa mkuza. Barua iambatane na mchoro unaoonyesha unakatiza wapi, kina gani, kwa kutumia bomba la aina gani. Kisha wataalamu wanakuja kulitafuta bomba kwa kipimo na kuweka alama, maana zile nguzo za alama mkuzani zinaonyesha njia tu, hazionyeshi bomba limelala wapi kwa sentimita. Halafu unasubiri kibali cha maandishi. Kibali cha mdomo hakipo. Siku ya kazi msimamizi kutoka kwa mwenye bomba anakuwepo pale tangu jembe la kwanza mpaka koleo la mwisho, karibu na bomba mnachimba kwa mkono, kijiko kinakaa mbali, na unakatiza kwa pembe mraba, hauendi sambamba na bomba juu ya mkuza. Mkimaliza anakagua kabla hamjafukia, anapiga picha, mnasaini. Najua ni mlolongo, najua mradi una tarehe na mwenyekiti anasukumwa na wananchi wanaotaka maji. Ombeni mapema basi. Barua inayoletwa Ijumaa kwa kazi ya Jumatatu hainisaidii mimi wala wewe.

Kwenye kutu nitasema kifupi ila kuna jambo la nyaya. Bomba la chuma ardhini linalindwa kwa ngozi yake na kwa umeme mdogo unaopelekwa makusudi ili kutu isile chuma. Vile viboksi na nguzo fupi zenye waya unavyoviona mkuzani ndipo tunapopimia huo umeme. Siyo umeme wa bure, hauwashi hata taa, na ile shaba ukiiuza kwenye vyuma chakavu utapata hela ya soda, halafu bomba linabaki uchi linaliwa kimyakimya. Wanunuzi wa chakavu mnajua kabisa waya ule umetoka wapi. Mwenye bomba naye hasamehewi: apeleke kile kifaa cha kupima unene wa chuma kwa ndani, apime umeme wake kwa ratiba, valvu zifunguliwe na kufungwa mara kwa mara zisigande, na yote yaandikwe. Mkaguzi akiomba daftari, jibu la "tulifanya ila hatukuandika" linahesabika kama haikufanyika.

Miti sasa. Mipaini, mikaratusi, parachichi, na mianzi ya ulanzi kwa ndugu zangu wa Iringa, yote haitakiwi kwenye mkuza. Mizizi inakumbatia bomba na kuchubua ngozi, na doria haipiti wala haioni dalili za kuvuja. Najua mti wa parachichi ni ada ya mtoto, naongea na watu wanaolia mbele yangu na sifurahii. Lakini Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 inazitambua njia za namna hii, na kwa kawaida aliyeingia mkuzani wakati tayari umewekewa alama hana madai ya fidia. Kama wewe unaamini ulikuwepo kabla, usigombane na walinzi, leta nyaraka zako kupitia kijiji tuzipitie. Tanuru la mkaa, tanuru la matofali, kuchoma shamba: peleka mbali. Mnasema dizeli haiwaki kirahisi, kweli kwenye ndoo haiwaki kirahisi, lakini ikitoka kwenye tundu dogo kwa presha inakuwa kama ukungu, na ukungu wa dizeli unawaka vizuri sana.

Hilo linanileta kwa wanaotoboa. Siwezi kuongelea kesi yoyote iliyopo mahakamani, ila utaratibu upo wazi. Kuharibu na kuiba kwenye miundombinu hii kunaweza kufunguliwa kama uhujumu uchumi, na kosa la uhujumu likithibitika kifungo ni miaka 20 mpaka 30. Mahakama inahitaji kibali cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kabla ya kusikiliza, huku wewe upo mahabusu, na suala la dhamana linategemea thamani ya hasara, na hasara haihesabiwi madumu uliyobeba tu, inahesabiwa mafuta yaliyomwagika, matengenezo na usafishaji wa ardhi na maji. Ikiongezwa utakatishaji fedha, dhamana hakuna kabisa. Anayepokea madumu, anayekodisha shamba, anayetoa pikipiki, wote wanaweza kuunganishwa.

Lakini kuliko jela mimi naogopa moto. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka watu wakakimbilia na ndoo, waliokufa wamepita 100. Sinai pale Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, ilikuwa ni mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba, watu wakaenda kuchota, na wao waliokufa ni zaidi ya 100. Wale walikuwa majirani, mama lishe, watoto wa shule. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani asubuhi akiwa na mpango wa kufa kwa ajili ya dumu la lita tano.

Ukihisi kuna kuvuja, dalili za huku kwetu ni harufu ya dizeli, majani yaliyokauka kwa mstari wakati pembeni ni mabichi, rangi rangi juu ya maji ya kijito, au udongo uliolowa kiangazi. Kwa gesi asilia usitegemee pua, yenyewe haina harufu, ile harufu inaongezwa, na kwenye mabomba makubwa ya kusafirishia inaweza isiwepo. Gesi asilia ni nyepesi inapanda juu, gesi ya mtungi ni nzito inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo, mvuke wa mafuta nao unatambaa bondeni. Kwa hiyo ondokeni kwa kupanda juu, upande upepo unakotokea, usiwashe pikipiki, usivute sigara, usipige simu ukiwa palepale, sogea mbali kwanza. Usijaribu kufunga valvu. Piga zimamoto 114, mjulishe mtendaji, na piga namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya mkuza.

Na ukipiga, soma herufi na tarakimu zilizo kwenye ile nguzo kama zilivyo, mwambie anayepokea nguzo iliyo karibu ni ipi na wewe uko upande gani wa barabara kuu. Juzi mtu kaelekeza "karibu na kwa yule mzee mwenye mparachichi mkubwa", timu ikazunguka karibu saa nzima.