Chujio la mchanga nyumbani: hiyo koki ya chini ndo inaharibu kazi

Mvua zimeanza, na kila mwaka zikianza tu foleni ya maabara yetu ya kupima maji inarefuka, watu wanatoka Newala, Tandahimba, Ruangwa, hapa Lindi mjini, kila mmoja na chupa yake anataka kujua chujio alilotengeneza linafanya kazi au la. Nafurahi kwa kweli, mtu aliyekaa chini akatengeneza chujio anajali wanawe. Ila machujio mengi tunayoyakuta yana kosa moja lilelile, koki imefungwa chini ya pipa.

Jamani, chujio la mchanga sio chekeche la unga. Pale juu, sentimita chache za mwanzo za mchanga, ukilimwagia maji kila siku unajijenga utando wa vijidudu visivyo na madhara, inachukua mpaka siku 30, na hao ndo wanaowala wale wabaya. Utando huo unataka maji juu yake muda wote, kama sentimita 5, yakizidi sana hewa haiwafikii, yakipungua joto la huku kwetu linaukausha. Sasa wewe umeweka koki chini, mtoto kaja kuchota kaiacha wazi, maji yote yametoka, utando umekufa, na kesho mnakunywa mkijua mnakunywa maji yaliyochujwa. Bomba la kutolea lianzie chini kabisa kwenye kokoto, lipande kwa nje, mdomo wake uishie sentimita 5 juu ya usawa wa mchanga na ubaki wazi, hakuna koki hakuna kizibo, maji yakifika hapo yanasimama yenyewe. Ni bomba la nusu inchi, elbo na gundi, basi. Muundo huu aliuanzisha Dkt. David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, miaka ya 1990, na hiyo sentimita 5 usiibadilishe kwa sababu fundi kakwambia koki inapendeza.

Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi na magamba. Wa mtoni uoshe, uanike, uchekeche, punje zisizidi milimita 0.7, chini yake kokoto ndogo alafu kubwa zaidi za milimita 6 mpaka 12. Ukijaza pipa, lita moja itoke kwa dakika mbili na nusu au zaidi, ikitoka haraka kuliko hapo mchanga wako ni mkubwa, rudia.

Chumvi haitoki. Narudia kwa wenye visima vya pwani maana swali hili najibu kila siku, chumvi haichujwi na mchanga wala mkaa. Na mkaa wa jikoni hauui vijidudu, unapunguza harufu kwa muda tu, baadae unageuka makazi yao.

Kitu kinachoniuma zaidi ni madumu ya dawa za korosho kutumiwa kwa maji. Mtu anaosha na sabuni mara tatu anasema limetakata. Halitakati, plastiki inanywa sumu na hakuna mchanga utakaoitoa. Na wanaokinga maji ya bati huko juu Makonde, mvua ya kwanza ya msimu iachieni iende, inaosha vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, na kinyesi cha ndege.

Maji yakitoka kwenye chujio bado hujamaliza, chemsha mpaka yatokote kwa nguvu angalau dakika moja au weka kidonge cha klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti, kwenye ndoo ya kuhifadhia yenye mfuniko, na koki yako iweke hapo. Klorini usimwage kwenye pipa la mchanga, utaua utando. Likianza kutoa maji polepole koroga juu juu kwa mkono, chota tope, mwaga, usitoe mchanga wote kuosha.

Sasa kuhusu kupima. Chupa ya soda hatupokei. Unakuja kuchukua chupa yetu iliyotakaswa, usiisuuze, ndani kuna dawa ya kuzima klorini, usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko, usiijaze mpaka juu, andika mahali, tarehe na saa, weka kwenye boksi lenye barafu lakini yasigande, ifike ndani ya saa 6, ikishindikana kabisa isizidi 24. Tunachotafuta ni E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, sifuri kwenye mililita 100, sio tano, sio moja. Majibu yako ni ya maji yale ya siku ile, sio cheti cha chujio, na sio kibali cha biashara, maana wapo waliobandika karatasi yetu dukani. Ukifungasha maji ya kunywa ukauza unahitaji leseni ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, bila hiyo ni faini au kifungo au vyote, na mzigo unakamatwa unateketezwa.

Chupa tunatoa Jumatatu mpaka Alhamisi tu, kwa sababu sampuli ikifika maabara inakaa kwenye mashine ya joto kama saa 24 kabla hatujasoma, ya Ijumaa inaangukia Jumamosi na Jumamosi hakuna mtu wa kuisoma.