Springi iliyotumika si takataka

Pale Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, wengi huamini kwamba springi au shokapu ya gari ikishatumika, imekwisha. Kwa springi si kweli. Springi ya koili iliyotoka kiwandani ni chuma tu: ikiwa haina ufa wala kutu iliyochimba, na ya kulia inalingana urefu na ya kushoto, bado ina miaka mingi ya kazi. Za mbele kutoka gari la dizeli la modeli ileile mara nyingi ni ngumu zaidi, kwa sababu injini ni nzito, kwa hiyo zinamfaa mwenye bampa nzito ya chuma. Lakini shokapu ina mafuta na sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje), navyo huchoka. Hiyo, pamoja na bushi za mpira, nakuomba ununue mpya, hasa ukielekea njia mbovu za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda.