Kabla ya Kufuta Tatuu kwa Leza: Yale Ninayomweleza Kila Anayenijia

Mtu anapoingia katika chumba changu cha uchunguzi akitaka tatuu yake ifutwe, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: nitapigwa leza mara ngapi? Ni swali la haki kabisa, lakini huliweka kando kwa dakika chache, kwa sababu jibu lake halieleweki kabla mtu hajafahamu ni nani hasa anayeifanya kazi ya kufuta. Wengi hudhani kwamba leza huufuta wino kama kifutio kinavyofuta penseli. Leza huuvunjavunja tu. Anayeuondoa ni mwili wenyewe, kwa mwendo wake. Karibu kila dosari niliyowahi kuletewa niitibu, kuanzia makovu hadi mabaka meupe, ilitokana na mtu kuupuuza mwendo huo au kutumia mwanga usiofaa ngozi iliyokuwa mbele yake.

Sindano ya mchoraji hupitisha wino chini ya ngozi ya juu hadi kwenye tabaka la ndani liitwalo dermisi, ambalo halijibandui na kujifanya upya kama lile la juu. Huko, seli za kinga ziitwazo makrofaji humeza chembe za wino ili kuziondoa, lakini nyingi ya chembe hizo ni kubwa mno, hivyo seli hubaki nazo tumboni. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino, kisha seli mpya zinazochukua nafasi yake huumeza tena palepale. Ndiyo maana mchoro hudumu miaka mingi ingawa walinzi wake hufa na kubadilishana zamu.

Kanuni ya leza za ngozi ilielezwa mwaka 1983 na madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish: ukichagua mwanga unaofyonzwa zaidi na kile unachokilenga kuliko tishu zinazokizunguka, na ukautoa kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho kinahitaji ili kipoe, basi joto hubaki ndani yake na jirani zake husalimika. Chembe ya wino ni ndogo sana, kwa hiyo mpigo wa mwanga hauna budi kuwa mfupi sana. Mashine ambazo zimetumika kwa miongo kadhaa hupiga kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, na zile mpya zaidi, ambazo ziliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2012, hupiga kwa pikosekunde, ambazo ni sehemu za trilioni. Chembe hupasuka, na vipande vyake vidogo hubebwa na seli za kinga na mishipa ya limfu, yaani mifereji inayosafirisha majimaji ya tishu na seli za kinga mwilini. Vingine huenda kutulia katika tezi za limfu. Kazi hiyo ya kubeba huchukua wiki nyingi. Kwa sababu hiyo vikao hutenganishwa kwa wiki 6 hadi 8 angalau, na mimi mara nyingi husubiri zaidi ya hapo, hasa ngozi inapokuwa nyeusi au mchoro unapokuwa mguuni. Anayekuahidi kukupiga leza kila baada ya wiki mbili ili umalize haraka anaichosha ngozi kabla haijamaliza kazi ya kikao kilichotangulia.

Sasa naweza kulirudia swali la idadi. Tatuu nyeusi iliyochorwa na mtu asiye fundi, yenye wino kidogo, huondoka kwa vikao vichache kuliko ile ya fundi iliyojazwa wino mzito, na mchoro uliochorwa juu ya mchoro mwingine ni mgumu zaidi kwa sababu una matabaka mawili ya wino. Mahali ulipo mchoro pana uzito pia: kadiri unavyokuwa mbali na moyo, kama vile kwenye kifundo cha mguu au vidoleni, ndivyo unavyofifia polepole. Utafiti mmoja wa huko Milan, uliochapishwa mwaka 2012 na kuwafuatilia watu 352 waliotibiwa kwa leza za nanosekunde, ulikuta kwamba takriban asilimia 47 walifanikiwa baada ya vikao 10 na takriban asilimia 75 baada ya vikao 15. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba uvutaji wa sigara hupunguza sana uwezekano wa kufanikiwa. Huwaeleza wagonjwa wangu matokeo haya waziwazi, hata pale ninapoona yanawavunja moyo, kwa maana aliyeandaliwa kwa vikao 12 huvumilia, lakini aliyeahidiwa vitano huanza kumshinikiza mhudumu aongeze nguvu ya mashine, na nguvu ikizidi, kovu halikawii.

Jambo ninaloomba lipewe uzito kuliko yote ni rangi ya ngozi. Melanini, ambayo ndiyo rangi ya asili ya ngozi zetu, hufyonza mwanga uleule unaokusudiwa kufyonzwa na wino, na huufyonza zaidi kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi. Leza ya rubi, yenye wimbi la urefu wa nanomita 694 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na ile ya aleksandraiti, yenye nanomita 755, zinaweza kuijeruhi melanini ya ngozi nyeusi na kuacha baka jeupe ambalo huenda lisirudi rangi kwa miezi mingi, au lisirudi kabisa. Kwa ngozi ya kahawia na nyeusi chaguo salama zaidi ni leza ya Nd:YAG yenye wimbi la nanomita 1064, kwa kuwa wimbi hilo huipita melanini kwa wepisi na kuufikia wino ulio chini. Kwa bahati njema linaufaa vizuri wino mweusi. Wino mwekundu huitikia wimbi la nanomita 532, ambalo melanini hulifyonza sana, na wino wa kijani na buluu kwa kawaida huhitaji mawimbi ya rubi au aleksandraiti. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi na mchoro wa rangi nyingi anapaswa kuambiwa mapema kwamba baadhi ya rangi hizo huenda zisifutike kwa usalama. Muulize mhudumu swali moja: utatumia wimbi gani kwa ngozi yangu, na kwa nini? Asipoweza kulijibu, usimpe ngozi yako. Mwombe pia aanze na jaribio kwenye sehemu ndogo, kisha msubiri wiki kadhaa muone ngozi imeitikiaje.

Vipodozi vya kudumu, yaani nyusi na midomo iliyochorwa kwa sindano, vinahitaji tahadhari ya pekee. Wino wake wa rangi nyeupe, ya waridi au ya ngozi mara nyingi huwa na titani dioksidi au oksidi ya chuma, na joto la leza huweza kuubadilisha kikemia papo hapo ukawa mweusi au wa kijivu. Nimemwona mama aliyekuja kufuta mstari hafifu mdomoni akibaki na mstari mweusi uliotulazimu kuushughulikia kwa vikao vingi zaidi. Siku hizi sigusi uso wa mtu bila kujaribu kwanza nukta moja iliyofichika.

Kabla ya kikao cha kwanza mweleze daktari ikiwa una historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, ikiwa umewahi kutibiwa kwa dawa zenye dhahabu (leza inaweza kuigeuza ngozi ya aliyezitumia kuwa ya kijivu na buluu), ikiwa unatumia au ulitumia karibuni isotretinoini ya chunusi, na ikiwa mchoro wako huwasha au huvimba. Hili la mwisho ni zito, kwa sababu mwili unaochukia wino, hasa mwekundu, unaweza kupata mzio mkali leza inapousambaza wino huo. Mchoro uliopita juu ya baka jeusi la kuzaliwa au kidutu cheusi sharti uchunguzwe kwanza na daktari wa ngozi, ili saratani isifichwe. Wajawazito huwaomba wasubiri.

Katika kikao chenyewe kila aliyemo chumbani huvaa miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya wimbi linalotumika, kwani mpigo mmoja unaweza kuharibu jicho. Maumivu yapo, lakini hupita haraka na ganzi huyapunguza. Ngozi hugeuka nyeupe kama iliyomwagiwa ukungu. Hiyo ni gesi iliyonaswa, na hutoweka ndani ya dakika 20 hivi. Baadaye yaweza kutokea malengelenge na vigaga. Usivipasue wala kuvibandua. Safisha kwa maji na sabuni isiyo kali, paka mafuta mazito ya kulinda kidonda, funika, na ukinge mahali hapo dhidi ya jua katika kipindi chote cha matibabu. Usaha, homa au maumivu yanayozidi siku hadi siku ni sababu ya kurudi kwa daktari bila kuchelewa.

Ziepuke krimu za kufuta tatuu, kwa kuwa haziufikii wino, na zenye asidi huunguza. Epuka vilevile mashine za mwanga mpana zinazotumika kuondoa nywele. Mpigo wake ni mrefu mno kwa chembe ya wino na huunguza ngozi inayoizunguka.

Kama nia yako ni kuchora picha nyingine juu ya ile ya zamani, sema hivyo siku ya kwanza, kwa sababu kuufifisha wino kiasi cha kufunikika huhitaji vikao vichache kuliko kuumaliza. Hata anayetaka kuumaliza mimi humwomba aniruhusu nipige picha ya ngozi yake kabla ya kila kikao, katika mwanga uleule. Mabadiliko ya wiki nane ni madogo mno kwa jicho linalojitazama kila siku, na mara nyingi ni picha hizo zinazotuonyesha sote wawili kwamba wino uliobaki umeacha kusogea na kwamba inafaa tukomee hapo.