Uanagenzi na mwajiri mdogo: sera ikibadilika, hesabu hubadilika wapi?

Uanagenzi ni ajira yenye mafunzo ndani yake. Mwanagenzi husaini mkataba wa kazi, hulipwa ujira, hufanya kazi chini ya fundi au mtaalamu mwenye uzoefu, na wakati huohuo hutengewa saa za kusoma chuoni au kwa mtoa mafunzo aliyeidhinishwa, mpaka apate cheti kinachotambuliwa. Hapo ndipo anapotofautiana na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye huja kwa wiki chache kisha akarejea chuoni, na pia na kibarua anayejifunza kwa kuwatazama wenzake tu. Kwa kuwa serikali nyingi huchangia gharama za mafunzo hayo, ndizo pia zinazopanga nani anastahili, asome kwa muda gani, alipwe kiasi gani na nani alipe ada. Masharti hayo kwa jumla ndiyo yanayoitwa sera ya uanagenzi.

Kampuni kubwa ina idara nzima ya kufuatilia masharti yanapobadilishwa. Biashara ya watu wanne haina idara hiyo: mwenye biashara ndiye anayetafuta mfanyakazi, ndiye anayemfundisha, na ndiye anayejaza fomu usiku baada ya kufunga. Kwa sababu hiyo, badiliko ambalo kampuni kubwa hulipokea kama marekebisho madogo ya bajeti linaweza kumfanya mwajiri mdogo aahirishe kuajiri kwa mwaka mzima.

England ni mfano unaofaa kuchunguzwa, kwa kuwa sera yake imebadilishwa mara nyingi ndani ya muda mfupi. Mwezi Aprili 2017 ilianzishwa tozo ya uanagenzi ya asilimia 0.5 kwa waajiri ambao jumla ya mishahara wanayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka. Biashara ndogo hazikuguswa na tozo yenyewe, lakini ziliguswa na utaratibu uliokuja nayo, kwani kwa wanagenzi wengi zilitakiwa kuchangia asilimia 10 ya ada ya mafunzo, kiwango kilichoshushwa hadi asilimia 5 mwaka 2019. Idadi ya walioanza uanagenzi ilishuka kutoka takriban 495,000 katika mwaka wa masomo wa 2016/17 hadi takriban 376,000 mwaka uliofuata. Kuanzia Aprili 2024, serikali ilibeba ada yote kwa waajiri wasiolipa tozo wanapoajiri mwanagenzi aliye chini ya miaka 22.

Ukisikia kwamba ada imefutwa, ni rahisi kudhani kwamba mzigo umeondoka. Tuchukue karakana ndogo ya useremala inayotaka kuajiri kijana wa miaka 20, kwa mafunzo ambayo ada yake, tuseme, ni pauni 10,000. Kwa kufutiwa asilimia 5, mwenye karakana anaokoa pauni 500, na anaziokoa mara moja tu. Aprili 2025, kima cha chini cha ujira wa mwanagenzi kilipanda kutoka pauni 6.40 hadi 7.55 kwa saa, yaani nyongeza ya pauni 1.15. Kijana huyo akifanya kazi saa 30 kwa wiki, nyongeza hiyo ni pauni 34.50 kila wiki, na karibu pauni 1,800 kwa mwaka. Siandiki haya kupinga nyongeza, maana mwanagenzi naye ana nauli na kodi ya nyumba. Ninachosisitiza ni kwamba ada na ujira vihesabiwe pamoja, kwani mwajiri mdogo huvilipa kutoka mfuko mmoja.

Gharama nzito zaidi haionekani kwenye ankara yoyote, nayo ni muda. England ilikuwa ikidai asilimia 20 ya saa za kazi za mwanagenzi zitumike kwa mafunzo nje ya kazi zake za kawaida. Agosti 2022 kipimo kilibadilishwa kuwa angalau saa 6 kwa wiki kwa anayefanya kazi muda wote, hivyo kwa mwenye wiki ya saa 40 mafunzo yalishuka kutoka saa 8 hadi 6. Saa hizo hulipwa kama saa nyingine. Juu yake kuna saa za fundi mkuu, anayelazimika kuacha kazi ya mteja ili kuonyesha jinsi ya kunoa patasi au kupima kiungo, na hizo hakuna ruzuku inayozifidia kikamilifu.

Muda wa chini wa uanagenzi nao ulipunguzwa Agosti 2025, kutoka miezi 12 hadi 8. Mwajiri anapata mtu aliyehitimu mapema zaidi, lakini pia miezi ya kunufaika na kazi yake inapungua kabla kijana hajawa huru kutafuta ujira mkubwa kwingine.

Ujerumani ilijaribu njia nyingine. Kati ya Agosti 2003 na Julai 2009 ilisimamisha, kwa fani nyingi, sharti la mkufunzi wa kazini kuwa amefaulu mtihani maalumu wa ualimu wa kazi, ili biashara ambazo hazijawahi kufundisha zipate mlango wa kuingia. Baadaye sharti lilirudishwa kwa ajili ya kulinda ubora. Naona uamuzi huo wa pili ulikuwa wa haki kwa vijana, ingawa kwa mwenye duka dogo ulimaanisha kurudi darasani kwanza.

Kabla ya kusaini mkataba, mwajiri aulize badiliko linahesabiwa kuanzia lini. Ufadhili wa ada kwa kawaida hufuata tarehe ambayo mwanagenzi alianza mafunzo: ule wa Aprili 2024 haukuwahusu waliokwisha kuanza. Kima cha chini cha ujira hakisubiri mkataba mpya. Kikipanda, humhusu kila mwanagenzi anayelipwa kiwango hicho, hata aliyebakiza mwezi mmoja kuhitimu.