Kuwa na sababu hakumwondolei mtu sonona

Mwambie mtu wa Dar kwamba fulani ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kisha subiri jibu: "Sonona wapi, si kapunguzwa kazini? Yule mabadiliko tu yamemshinda." Nimelisikia kwenye daladala na kwenye vikao vya harusi, na anayelisema huwa na uhakika kabisa kwamba anatumia lugha ya madaktari.

Ni kweli madaktari wana utambuzi wa ugonjwa unaohusu kushindwa kumudu mabadiliko. Mtu anapatwa na jambo zito, tuseme talaka, kufukuzwa kazi, maradhi au kuhamishwa, halafu linamwelemea mpaka kazi, usingizi au maelewano ya nyumbani yanavurugika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unataka dalili zianze ndani ya mwezi mmoja hivi tangu tukio; DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, inatoa miezi 3. Kwa kawaida hali hii huisha ndani ya miezi 6 baada ya jambo lenyewe kupita. Maana yake ndiyo hiyo.

Kinachonikera ni huu mgawanyo wa mitaani: mwenye sababu, mabadiliko yamemshinda, asiye na sababu, sonona. Nani aliyesema sonona haina sababu? Huweza kuanza baada ya talaka au kupoteza kazi, na huweza kuanza bila tukio lolote. Daktari anatazama dalili: huzuni au kutofurahia chochote, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kuvurugika kwa usingizi, hamu ya kula na umakini, kujilaumu, mawazo ya kifo. Zikitimia kiwango cha sonona, ni sonona, hata kama tukio lililoianzisha linajulikana mtaa mzima. Ule utambuzi mwingine hutolewa pale tu vigezo vya ugonjwa kama huo havijatimia.

Chukua wanawake wawili wa Tabata waliopunguzwa kazi siku moja. Wa kwanza anaifungua ile barua kwenye simu asubuhi na usiku, kila maongezi anayarudisha kwa bosi, watoto wanakemewa bila kosa, na maombi mapya ya kazi hayaandiki. Lakini mdogo wake akija Jumamosi kumsuka, anacheka na wali anaumaliza. Wa pili ile barua hata haimshughulishi tena. Chakula hakina ladha, saa tisa usiku yuko macho, kuoga ni kazi, na anasema watoto wangekuwa na nafuu bila yeye. Imepita wiki ya tatu. Tukio ni lilelile: wa kwanza anaelekea kwenye kushindwa kumudu mabadiliko, ila huyu wa pili ana kila dalili ya sonona.

Yupo na wa tatu, aliyelia wiki nzima kisha akaenda kutafuta fremu ya biashara. Huyo hana ugonjwa wowote, ameumia. Na aliyefiwa naye asibandikwe jina la ugonjwa kabla hata ya arobaini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisikia "ana sababu", ulizeni pia analalaje, anakulaje, na imekuwa muda gani. Na akitaja kufa, msihesabu miezi. Mpelekeni hospitali leo.